Uteuzi asilia hauna mteuzi: kutoka njiwa wa Darwin hadi damu ya selimundu

Mwalimu wa Zamani (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Kila mada ya mageuko ya viumbe inapofunguliwa, haifiki michango mitano mazungumzo yatakuwa yameshahamia kwenye swali lilelile: kama mtu alitokana na nyani, mbona nyani bado wapo? Nilifundisha baiolojia ya kidato cha nne kwa miaka kumi na tisa, na nakiri kwamba swali hilo tulilizalisha wenyewe walimu. Tulianza na ile picha ya nyani anayenyanyuka hatua kwa hatua mpaka anakuwa mtu, tukaurukia mwisho wa hadithi, na utaratibu wenyewe unaoendesha mambo tukaupitia haraka haraka kengele ikikaribia kulia. Uzi huu ni wa utaratibu huo.

Nianze na neno, kwa sababu neno limetuponza. Vitabu vyetu husema "uteuzi asilia", wengine "uchaguzi wa asili". Mtanzania akisikia uteuzi anamwona mteuzi: mwenye mamlaka amekaa, anapitia majina, kisha mkeka unatoka. Ndiyo maana wanafunzi wangu waliandika kwenye mitihani kwamba asili "iliamua" kumpa twiga shingo ndefu, nami nikawanyima alama kwa kosa ambalo lilikuwa la Kiswahili chetu zaidi kuliko lao. Afadhali mtu afikirie wavu. Wavu wa matundu mapana hauteui samaki. Mkubwa ananasa, mdogo anapita, na watakaozaa kesho ni wale waliopita. Ikiwa udogo wa samaki hao unatokana na kurithi na si umri peke yake, basi baada ya vizazi vingi ziwa litakuwa na samaki wanaokomaa wakiwa wadogo, bila wavu kukusudia lolote na bila samaki hata mmoja kujikunja ili apite.

Sasa historia. Charles Darwin, mwanasayansi ambaye jina lake huambatana na wazo hili, alizaliwa Shrewsbury, Uingereza, tarehe 12 Februari 1809. Alipopanda meli ya Beagle Desemba 1831 alikuwa kijana wa miaka 22 aliyekwisha kuacha masomo ya udaktari na ambaye baba yake alitaka awe kasisi. Safari ilichukua karibu miaka mitano. Husimuliwa kwamba alipofika visiwa vya Galápagos mwaka 1835 aliona midomo ya ndege ikitofautiana, akapata jibu palepale. Haikuwa hivyo. Ndege wale wadogo aliwakusanya bila hata kuandika kwa uangalifu yupi alitoka kisiwa kipi, na baadhi yao alidhani ni wa jamii nyingine kabisa. Mtaalamu wa ndege John Gould ndiye aliyewakagua London mwanzoni mwa 1837 na kumweleza kwamba wote ni wa ukoo mmoja wenye spishi, yaani aina za kiumbe, tofauti. Swali lilizaliwa mezani, meli ikiwa imekwisha kutia nanga siku nyingi.

Mwaka uliofuata, 1838, Darwin alisoma insha ya Thomas Malthus, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1798, isemayo kwamba idadi ya watu huelekea kuzidi chakula kilichopo. Darwin akaona kwamba jambo hilo linamhusu kila kiumbe. Sangara mmoja jike hutaga mayai kwa mamilioni. Kama yote yangefika utu uzima, Ziwa Victoria lisingebaki na nafasi ya maji. Kwa hiyo walio wengi hufa kabla ya kuzaa, na kinachobaki kuulizwa ni iwapo kufa huko ni bahati tupu au kuna waliozaliwa na kitu kidogo kinachowapunguzia hatari.

Hapo ndipo njiwa wanapoingia, na kwangu mimi hii ndiyo sehemu tamu kuliko Galápagos yote. Nyumbani kwake Kent, Darwin alijenga banda, akanunua njiwa wa kila aina waliofugwa na mabingwa wa London, akajiunga na vyama vyao vya wafugaji. Kulikuwa na njiwa wenye mikia kama kipepeo cha kujipepea kilichofunguliwa, wengine wenye kifua kilichovimba kama mpira, wengine wanaopinduka angani. Alipowazalisha aina kwa aina, mara nyingine walitoka watoto wa rangi ya bluu-kijivu wenye mistari miwili myeusi kwenye bawa, yaani sura ya njiwa wa majabali wa porini, babu wa wote. Mfugaji hakuumba kifua wala mkia. Alichofanya ni kumwacha azae yule aliyezidi kidogo, akarudia kwa vizazi. Mwenye kuku aina ya kuchi anaelewa jambo hili bila mwalimu, kwani urefu ule na ukali ule haukuja kwa dawa, umekuja kwa jogoo gani aliachwa na jogoo gani alikwenda jikoni.

Darwin alikaa na wazo hilo kwa miaka ishirini, akiogopa kulitoa bila ushahidi wa kutosha. Kati ya miaka hiyo, minane aliitumia kuchunguza viumbe wadogo wa baharini wenye magamba wanaoganda kwenye miamba na mashua. Aliyemwamsha ni Alfred Russel Wallace, mtu asiye na mali aliyeishi kwa kukusanya na kuuza wadudu na ndege, ambaye mwaka 1858, akiwa visiwa vya Maluku na homa ya vipindi ambayo wengi huamini ilikuwa malaria, alimkumbuka Malthus yuleyule na kufikia jibu lilelile. Aliandika makala akamtumia Darwin. Maandishi ya wote wawili yalisomwa mbele ya chama cha wanasayansi cha Linnean mjini London tarehe 1 Julai 1858, na wenyewe wote wawili hawakuwapo: Wallace alikuwa bado visiwani, Darwin alikuwa amefiwa na mtoto wake mchanga siku chache kabla. Kitabu cha Darwin juu ya asili ya spishi kilitoka tarehe 24 Novemba 1859, nakala 1,250.

Utaratibu wenyewe unaingia katika sentensi nne. Viumbe wa spishi moja hutofautiana. Sehemu ya tofauti hizo hurithiwa. Wanaozaliwa ni wengi kuliko wanaofikia kuzaa. Na pale tofauti ya kurithi inapomwongezea mwenye nayo nafasi ya kuacha watoto, kizazi kinachofuata kitakuwa na wengi zaidi wa namna yake. Ukikosa sharti moja, hakuna kinachotokea. Ukiwa nayo yote, haliwezi kukosa kutokea, iwe tunapenda au hatupendi.

Karibuni kwa maswali.

Ndugu wa Zuhura

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma yote na nimeelewa mpaka wavu, lakini hapo kwenye wavu ndipo nilipokwama. Mdogo wangu wa kike, Zuhura, ana selimundu, ule ugonjwa wa chembe nyekundu za damu kujikunja kama mundu. Tangu akiwa na miezi minane tumelala naye hospitalini mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na tunaambiwa ni ugonjwa wa kurithi. Kama kuna mchujo unaoendelea kwa maelfu ya miaka, na ugonjwa huu uliwaua watoto wengi kabla hawajakua, kwa nini haujachujwa ukaisha? Naona ama nadharia ina kasoro, ama mimi kuna kitu sijakiona.

Mwalimu wa Zamani

Marahaba, ndugu yangu, na mpe pole mgonjwa. Hujakosea hata kidogo. Swali lako ndilo lililowashughulisha wataalamu mpaka miaka ya 1950, na jibu lake lilipatikana hapa kwetu Afrika Mashariki.

Mwaka 1949 kijana aitwaye Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia Kenya, alijiunga na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford kwenda Mlima Kenya, naye akachukua sampuli za damu za watu wa makabila mbalimbali. Aliona jambo la ajabu. Miongoni mwa watu wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria, wenye kubeba jeni moja la selimundu (jeni ni kipande cha urithi), ambao hospitali huwaita AS, walizidi asilimia 20 katika baadhi ya mahali. Kwa watu wa nyanda za juu, kwenye baridi, walikuwa chini ya asilimia 1. Ramani ya jeni hilo ilifanana na ramani ya mbu waenezao malaria.

Alirudi mwaka 1953 kulipima wazo lake, kwamba jeni moja la selimundu humkinga mtu na malaria. Karibu na Kampala alichunguza damu ya watoto 290. Kati ya 43 waliokuwa wabebaji, 12 walikutwa na vimelea vya malaria, yaani asilimia 28 hivi. Kati ya 247 wasiobeba, 113 walikutwa navyo, karibu asilimia 46. Kisha akafanya jaribio ambalo kwa maadili ya leo nadhani lisingeruhusiwa: wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea waliambukizwa malaria kwa makusudi chini ya uangalizi. Kati ya 15 wasio na jeni hilo, 14 waliugua. Kati ya 15 wabebaji, wawili tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954.

Sasa twende kwenye hesabu, na naomba uchukue kalamu. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hili, moja ya baba na moja ya mama; nakala ya kawaida huitwa A, ya selimundu huitwa S. Chukua watoto 1,000 katika eneo lenye malaria nyingi, ambamo jeni la selimundu ni asilimia 10 ya nakala zote. Kwa kanuni ya kurithi, watoto 10 watakuwa SS kama mdogo wako, 180 watakuwa AS, na 810 watakuwa AA. Tuseme, kama ilivyokuwa zamani kabla ya matibabu, wale 10 wote wanafariki kabla ya kuzaa. Kila mmoja anaondoka na nakala mbili, hivyo zinapotea nakala 20 kati ya 200. Zimebaki 180, na zote zimo ndani ya wale wabebaji. Ili jeni hilo libaki kwenye asilimia ileile 10, nakala za A nazo zinapaswa kupungua kutoka 1,800 hadi 1,620, na hilo linatimia ikiwa malaria itawaondoa watoto 90 kati ya wale 810.

Soma tena namba hizo. Kumi wanakufa kwa selimundu, tisini wanakufa kwa malaria, na mizani inasimama. Mahali ambapo malaria iliua mtoto mmoja kati ya tisa wasio na kinga, jeni linalomtesa mdogo wako halikuweza kuisha, kwa sababu nakala yake moja iliwaokoa wengi zaidi ya waliouawa na nakala mbili. Mbebaji anaweza kupata malaria, lakini nafasi yake ya kupata ile kali, ya kupoteza fahamu na kupungukiwa damu, ni ndogo kwa karibu asilimia 90. Chembe yake nyekundu ikiingiwa na kimelea huelekea kujikunja, na bandama huiondoa kabla kimelea hakijazaliana vya kutosha.

Toa malaria kwenye hesabu hiyo uone. Jeni linaanza kupungua, ila polepole: kutoka asilimia 10 litafika asilimia 5 baada ya vizazi kumi, yaani miaka 250 hivi, na litazidi kuchelewa kadiri linavyokuwa adimu, kwa sababu linajificha ndani ya wabebaji wenye afya njema.

Kwa hiyo mchujo haumtafuti "aliye bora". Ule msemo wa Kiingereza unaotafsiriwa kuwa mwenye nguvu ndiye anayesalia haukutoka kwa Darwin. Ni wa mwanafalsafa Herbert Spencer wa mwaka 1864, Darwin aliuchukua baadaye, na umepotosha watu wengi. Jeni moja ni balaa Makete kwenye baridi na ni ngao Muheza kwenye mbu.

Msomaji wa Mombasa

Ahsante kwa maelezo. Nina mambo mawili. Kwanza, nimesikia mihadhara inayosema kwamba al-Jahiz wa Basra aliyasema haya miaka elfu moja kabla ya Darwin. Pili, umesema tofauti hurithiwa, lakini Darwin alijuaje urithi unavyofanya kazi wakati ule hakuna aliyezungumza habari za jeni?

Mwalimu wa Zamani

Al-Jahiz aliandika katika karne ya 9 kitabu kikubwa juu ya wanyama, na ndani yake ameeleza vizuri namna wanavyowindana na kila mmoja kumhitaji mwingine kwa chakula. Ni mwangalizi wa kuheshimiwa. Ila kuona kwamba wanyama wanagombania uhai ni hatua moja. Kusema kwamba tofauti ndogo za kurithi hujikusanya kwa sababu ya ugombanio huo, mpaka spishi ikagawanyika, ni hatua nyingine, na hiyo ndiyo Darwin na Wallace waliyoipiga. Hatumwongezei al-Jahiz sifa kwa kumvika kanzu isiyo yake.

Swali lako la pili ni zito zaidi. Darwin hakujua, na alisumbuka sana. Wengi wakati huo waliamini kwamba damu ya baba na ya mama huchanganyika kama rangi. Mhandisi Fleeming Jenkin alimbana mwaka 1867 kwa hoja hiyohiyo: ikiwa urithi ni kuchanganya, basi sifa mpya nzuri ni kikombe kimoja cha maziwa ndani ya pipa la chai, baada ya vizazi vichache hutaiona tena. Jibu lilikuwa limeshachapishwa mwaka 1866 na mtawa Gregor Mendel, aliyehesabu mbegu za njegere bustanini mwa monasteri huko Brno, lakini ulimwengu wa sayansi ulikuja kulizingatia mwaka 1900, yeye na Darwin wakiwa marehemu. Urithi huja kwa vipande vizima visivyoyeyuka. Selimundu tena ni shahidi mzuri: baba AS na mama AS, wote wazima wa afya, wanapata mtoto SS. Kile kilichofichika hakikuwa kimepunguzwa makali hata kidogo. Kilikaa vilevile, kikatoka vilevile.

Mfamasia wa Wilaya

Naomba kuongeza kidogo kutoka dirisha la dawa, kwa sababu huko mageuko hayahitaji miaka 250.

Wenye umri wangu wanaikumbuka klorokwini: chungu kama shubiri, na mwili unawasha usiku kucha. Ilitibu kwa miongo mingi, kisha ikaanza kushindwa, mpaka Tanzania ikaiacha kuwa dawa ya kwanza mwaka 2001, ikaja SP (dawa ya sulfadoksini na pirimethamini), na baadaye dawa mseto. Wagonjwa husema vimelea "vimeizoea" dawa, na hata sisi watoa huduma tunasema hivyo. Si sahihi. Hakuna kimelea kilichozoea chochote. Miongoni mwa mabilioni ya vimelea mwilini, vichache vilikuwa na badiliko la jeni linalovifanya viitoe dawa kutoka mahali inapofanyia kazi. Badiliko hilo halikuja kwa sababu lilihitajika. Makosa ya kunakili jeni hutokea ovyo, dawa iwepo isiwepo. Dawa ikaviua vyote vingine, hivyo vichache vikabaki na uwanja mzima.

Lililonishangaza ni la Malawi. Wao waliiacha klorokwini mwaka 1993. Mwaka 1992, jeni la usugu lilionekana kwa asilimia 85 ya vimelea vilivyopimwa. Kufikia 2000 limeshuka hadi asilimia 13. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, klorokwini ilitibu asilimia 99 ya watoto walioipata, huku SP, iliyochukua nafasi yake, ikitibu asilimia 21 tu. Bila dawa ya kuwafyeka wenzao, vimelea sugu vilikuwa vinabeba mzigo usio na faida, na vile vya kawaida vikavizidi kwa kuzaana. Wavu ulibadilishwa matundu, na samaki wakabadilika nao. Ndiyo maana huwa nakuwa mkali mgonjwa akiniomba nimuuzie nusu dozi.

Kijana wa Kidato

Mwalimu, samahani, bado hujajibu lile la nyani. Pia wanasema hii ni nadharia tu.

Mwalimu wa Zamani

Nilikuwa nakwepa, umenikamata. Wewe na binamu yako mna babu mmoja. Kuzaliwa kwako hakukumfanya binamu yako atoweke, wala hakuna siku binamu atageuka kuwa wewe. Sokwe wa Gombe ni binamu wa mbali sana. Babu yetu wa pamoja aliishi mamilioni ya miaka iliyopita, naye hakuwa sokwe wala mtu. Matawi mawili yaliishi mazingira tofauti, kila moja likapita kwenye wavu wake.

Na "nadharia" katika sayansi si dhana ya mtu aliyekaa kibarazani. Ni maelezo yaliyofungamana ambayo yangeweza kukanushwa na ushahidi, na hayajakanushwa. Kama Allison angekuta wabebaji wamejaa kwenye baridi na hawapo pwani, maelezo yake yangekufa siku hiyo hiyo.

Ndugu wa Zuhura

Mwalimu, narudi baada ya wiki mbili. Nilikwenda kupima, majibu yangu ni AS. Mchumba wangu kwao ni Njombe, juu kabisa kwenye baridi, na anasema kwa ramani uliyoieleza yeye hana haja ya kupima. Unasemaje?

Mwalimu wa Zamani

Mwambie kwa heshima kwamba ramani ile ni ya makundi ya watu, haikuchorwa kwa ajili ya mtu mmoja. Asilimia 1 si sifuri, na hakuna anayeweza kuapa bibi wa bibi yake alitoka wapi. Apime. Akiwa AA, kila mtoto wenu atakuwa AA au AS kwa nafasi sawa, na hakutakuwa na SS. Akiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS, na hesabu huanza upya kila mimba. Haikumbuki mtoto aliyetangulia.

Jambo moja la kuangalia maabara: kile kipimo cha haraka kinachoonyesha tu kama chembe zinajikunja hakimtofautishi AS na SS. Aombe kile cha kutenganisha aina za himoglobini, ile protini iliyomo ndani ya chembe nyekundu.

Ndugu wa Zuhura

Amekubali. Tunakwenda pamoja Jumatatu, na Zuhura amesema anatusindikiza, kwa kuwa yeye ndiye anayeijua foleni ya maabara ile.